Mwanangu, kuhusu ile ngao

Mwanangu,

Umeniuliza ngao ya mbele ya chombo kinachokaribia kasi ya mwanga iwe nene kiasi gani. Kila nikianza kukokotoa, narudi kwenye kile kioo cha gari.

Sote nyumbani husema lori ndilo lililotupasulia kioo. Mimi ndiye niliyeianzisha habari hiyo. Wewe ulikuwa umelala kiti cha nyuma. Mama yako alishanisihi mara mbili nipunguze mwendo, nikamjibu barabara nyeupe. Kokoto lenyewe lilikuwa kama jino la mtoto. Ni kweli lori lililirusha, lakini ni nani aliyelikimbilia? Nimekwambia tangu utotoni: kitu kidogo si kidogo ukikikimbilia.

Huko kati ya nyota nako ni barabara nyeupe. Tuseme kila sentimita ya ujazo ina atomu moja tu ya haidrojeni. Kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga, kila sentimita mraba ya uso wa chombo itakumbana na atomu kama bilioni 30 kwa sekunde, nazo zitapenya kama mionzi. Haidrojeni ilikuwa imetulia zake! Chembe ya vumbi ya miligramu moja (kubwa mno kwa vumbi la huko, nakubali) ingetoa kishindo cha zaidi ya tani 100 za kilipuzi cha TNT. Mwaka 1983 kibanzi cha rangi kilichimba dirisha la chombo cha anga Challenger, likabidi libadilishwe; na ule ulikuwa mwendo wa kilomita chache tu kwa sekunde.

Ukiongeza unene wa ngao unaongeza uzito, na uzito unadai nishati. Bora punguza mwendo. Kwa asilimia 20, kishindo cha chembe ileile kinashuka karibu mara 300.

Ila hapo nami nayumba. Kwa mwendo huo, Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua letu, ni safari ya miaka 21. Kwa asilimia 99, saa ya msafiri, ambayo kwa kasi hiyo huenda polepole kuliko yetu, ingehesabu miezi 7 hivi. Miaka 21 ndani ya kopo! Nisingekubali, nawe nakujua, hukubali. Lakini kitu kidogo si kidogo… basi, unajua mwisho wake.

Nilishaandika jibu hapa, nikalifuta. Chagua mwenyewe.

Mama yako amepita sasa hivi, akaniuliza naandika nini. Nimemwambia ni mambo ya nyota.

Baba yako