Mbegu ya mtama huchaguliwa shambani, si ghalani

Kila mwaka ikikaribia Desemba ndugu na jamaa hunipigia simu kuulizia mbegu ya mtama. Wengi wao masuke mazuri wameshayala, wamebaki na makapi ya kihengeni. Uteuzi umekwishafanyika hapo, ila umefanywa na sufuria.

Mimi nachagua mtama ukiwa bado umesimama. Huku Chamwino, Dodoma, mvua ni za msimu mmoja, na mara nyingi Februari hukatika. Baada ya ukavu huo napita na vitambaa vyekundu, nikifunga mimea iliyobaki kijani na kujaza punje wakati mingine imenyauka.

Lakini kuna mtego. Suke nene kuliko yote shambani mara nyingi limeota palipokuwa zizi. Unene ule ni wa samadi, na samadi hairithiwi. Kwangu ipo kona ya namna hiyo, mabua yake utadhani mipini ya jembe. Nayavuna kwa chakula, kwa mbegu siyagusi. Linganisha mmea na ile iliyouzunguka, iliyoota kwenye udongo uleule na kunyeshewa mvua ileile. Ukiishinda hapo, uwezekano ni mkubwa kwamba uzuri wake umo kwenye jeni. Masuke hayo yatundike juu ya jiko la kuni, moshi ufukuze fukusi.

Mtama kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe, hivyo watoto hufanana na mzazi. Uwele una mambo yake: chavua huletwa na upepo hata kutoka kwa jirani. Chukua masuke mengi, tena ya katikati ya shamba. Ukitegemea mawili matatu, vizazi vijavyo vitadhoofika kwa kuzaana ndugu kwa ndugu. Mbegu chotara usirudie kabisa. Ukipanda ulichovuna, kila mmea unakuja na sura yake.

Halafu usikimbilie sifa moja. Mtama mweupe ulipungukiwa tanini, ule ukakasi wa mtama mwekundu, kutokana na mabadiliko ya jeni. Wakulima wakaupenda kwa ugali. Ndege waitwao kwelea kwelea nao wakaupenda. Macia, aina ya mbegu ya mtama iliyoidhinishwa Tanzania mwaka 1999, ni nyeupe na huwahi kukomaa, kwa hiyo anayeilima ajenge dungu mapema na apate wa kukaa humo tangu alfajiri. Asiye na mtu wa kuamia ndege, apande mwekundu.