Ziara ya kifalme au ziara ya Mfalme?

SWALI: Natafsiri maelezo ya picha za mwaka 1947, Mfalme wa Uingereza alipokwenda Afrika Kusini baada ya Vita Kuu ya Pili. Niliandika "Ziara ya kifalme katika koloni la Afrika Kusini", mhariri akaikataa. Nimekosea wapi?

JIBU: Kosa zito ni "koloni". Wakati huo Afrika Kusini ilikuwa dominioni: ina bunge lake, ina waziri mkuu wake, Jan Smuts, ila mfalme ni yuleyule wa Uingereza. Tumia "dominioni", na mara ya kwanza lifafanue: nchi inayojitawala chini ya Mfalme wa Uingereza. (Waliojitawala walikuwa Wazungu wachache, jambo ambalo neno lenyewe halisemi.) "Milki" halifai. Milki ya Uingereza ndiyo iliyozikusanya dominioni na makoloni yote, na sehemu haiitwi kwa jina la zima.

Chunga zaidi picha zinapovuka mpaka. Msafara huo ulifika pia Basutoland (Lesotho ya leo), ambayo kweli ilikuwa koloni, na Bechuanaland (Botswana ya leo), iliyokuwa nchi lindwa, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza. Hapa wengi huandika "himaya". Kwa asili neno hilo ni ulinzi, hivyo hawakosei sana, lakini msomaji wa leo akiona "himaya" hufikiria dola kubwa kama la Warumi.

Sasa "ya kifalme". Kiambishi ki- hapo hueleza namna: hata bwana harusi hupokelewa kifalme. "Ziara ya kifalme" husifu fahari ya safari bila kumtaja msafiri. "Ziara ya Mfalme" nayo huwaacha wenzake, maana walioshuka Cape Town tarehe 17 Februari kutoka manowari Vanguard walikuwa wanne: Mfalme George wa Sita (usiache "VI" bila kuitafsiri), Malkia Elizabeth, na binti zao Elizabeth na Margaret.

Mtego mwingine uko hapo. "Malkia Elizabeth" wa picha hizo ni mama. Bintiye, aliyetimiza miaka 21 akiwa Cape Town, mwite Binti Mfalme Elizabeth; umalkia ulimkuta Kenya, Februari 1952. "Mwanamfalme" liepuke, kwani wengi hulielewa kuwa mtoto wa kiume.

Na "zuru" halihitaji "katika": walizuru Bechuanaland, basi.

Andika hivi: "Mfalme George wa Sita na familia yake wakizuru Dominioni ya Afrika Kusini, 1947."