Je, albamu ya punk ipimwe kwa ufundi wa wapigaji?

Ndugu, umeuliza kama ni haki kuipa alama za chini albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya punk (roki ya kasi, ya nyimbo fupi na rahisi), ya 1976, kwa kuwa hata anayejifunza gitaa anaweza kuipiga. Mimi nasema si haki, na hiyo "anaweza" yenyewe naitilia shaka. Chukua gitaa, piga nyuzi kwa kushusha mkono tu kama Johnny Ramone, mpiga gitaa wao, kwa kasi ileile, wimbo baada ya wimbo. Kiganja kitakueleza. Huo nao ni ufundi, ila hauna solo ya kujionyesha.

Lakini usiwasikilize wanaodai ufundi hauna kazi kabisa kwenye punk. Albamu ya bendi ya Sex Pistols ya 1977 ina besi iliyopigwa kwa sehemu kubwa na Steve Jones, mpiga gitaa wao, maana Sid Vicious aliyeshika nafasi hiyo hakuiweza. Na albamu ya London Calling ya bendi ya The Clash (1979), inayoruka kutoka rege hadi jazi, ingekuwaje bila Topper Headon kwenye ngoma? Bendi ya Television sitawazungumzia sana. Hao walikuwa mafundi wa gitaa waziwazi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa alama, jiulize albamu inataka kufanya nini, na kama wapigaji wameliweza hilo. Ikikuchosha kwa sababu nyimbo ni dhaifu, ishushe bila huruma. Uchache wa chord za gitaa (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) usiuhesabu.