Ukiandika habari za waliosoma shuleni kwenu, andika njia waliyopita

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa katibu wa chama cha wanafunzi wa zamani wa shule yetu hapa Kisumu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukusanya habari za wenzetu: nani amehitimu, nani amepandishwa cheo, nani amefungua karakana, nani ametuzwa. Ukurasa ukiwa tayari hubandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, na habari moja au mbili husomwa kwenye gwaride la Ijumaa. Makatibu wa shule jirani hunipigia kuuliza tunaandika vipi hadi wanafunzi wakasimama kusoma. Huwa nawaambia wamwandikie mwanafunzi aliye darasani leo. Yule aliyefaulu keshapongezwa na ukoo wake, kanisa lake na kundi la WhatsApp. Anayeihitaji habari ile ni msichana wa kidato cha tatu aliyetumwa nyumbani kufuata karo, anayetaka kujua mwenzake alivukaje hapo.

Chukua mfano ambao kila mtu anaujua. Tarehe 10 Agosti 2024 Emmanuel Wanyonyi, kijana wa Trans Nzoia, alishinda mbio za mita 800 katika Olimpiki ya Paris kwa dakika 1:41.19, akimpita Marco Arop wa Kanada kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Muda huo uliandikwa kila mahali. Lakini mbele ya wanafunzi ningeanza na jambo jingine: kwamba Wanyonyi aliwahi kuacha shule ya msingi akaenda kuchunga ng'ombe kwa sababu ya umaskini nyumbani, kisha akarudi darasani, na kwamba Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mbio hizo hizo mwaka 2007, ni miongoni mwa waliomshika mkono. Kijana aliyekaa nyumbani muhula mzima hana la kufanya na sehemu ya mia ya sekunde. Habari ya kurudi darasani inamhusu.

Habari iliyosomwa kuliko zote tulizowahi kubandika ilimhusu muuguzi anayehudumia watoto wachanga katika hospitali moja hapa mjini. Mwanzoni alinitumia sentensi moja tu: amemaliza shahada ya uuguzi, tumshukuru Mungu. Nilimpigia simu jioni akiwa ametoka zamu, nikamwomba anipitishe mwaka kwa mwaka. Alipata C kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya. Nyumbani walilia, maana kwa wengi wetu huku, kupata chini ya C+ ndiyo mwisho, kwa kuwa C+ ndiyo alama ya chini ya kuingilia chuo kikuu moja kwa moja. Yeye akaomba nafasi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, akasomea diploma. Karo ya mwaka wa kwanza ilitokana na shamba la miwa la mjomba wake, ya pili na basari ya kaunti ikichanganywa na kuuza mandazi bwenini. Akafanya kazi kwa mkataba. Alipotulia akaanza shahada akiwa kazini, analala saa chache, anasoma kwenye matatu. Nikaandika yote hayo kama alivyonieleza, pamoja na alama zake za bayolojia na Kiingereza, kwa ruhusa yake.

Wiki ile wasichana walikuwa wanakuja ubaoni na kalamu. Mmoja aliniuliza, "Madam, kwa hiyo C ya bayolojia inatosha?" Mwingine alitaka kujua sare za KMTC mtu hununua wapi na kwa bei gani. Nilimpigia tena muuguzi, akasema, "Wape namba yangu hao wadogo zangu, lakini wanipigie Jumapili." Swali la bei ya sare ndilo lililonihakikishia kwamba habari imefika. Mtoto haulizi bei ya kitu anachoamini si chake.

Kwa hiyo unapozungumza na mtu, usiridhike na cheo. Muulize karo ililipwaje, alikwama wapi, nani alimfungulia mlango wa kwanza, na ni mwalimu gani alimwambia neno ambalo bado analikumbuka. Swali hilo la mwisho naliheshimu sana. Mwaka 2019 Bruda Peter Tabichi wa shule ya kutwa ya Keriko, huko Njoro kaunti ya Nakuru, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani na dola milioni 1, na wengi wetu tulishika hiyo milioni. Mimi nashika kwamba shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha, na bado timu yake ya hisabati na sayansi ilifuzu kwa mashindano ya kimataifa huko Arizona, Marekani. Watoto wale sasa ni watu wazima. Natamani kusoma wako wapi leo na wanafanya nini, kwa maneno yao wenyewe.

Shule kongwe zina tatizo lao. Maseno ilianzishwa mwaka 1906, na kwenye orodha yake wamo Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, na mwanahistoria Bethwell Ogot aliyefariki Januari 2025. Ni majina ya kujivunia, na yanastahili kutajwa. Ila kwa mtoto wa miaka kumi na sita Jaramogi yuko kwenye kitabu cha historia, karibu na maswali ya mtihani. Anahitaji pia mtu aliyekalia dawati lile juzi, aliyekula githeri ile ile na kufundishwa na walimu wale wale. Ndiyo maana kwangu aliyemaliza miaka mitano iliyopita na sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Kibuye, hapa Kisumu, anapata nafasi sawa na jaji. Fundi huyo nimemtembelea: ana vijana wa mafunzo kutoka Kisumu National Polytechnic, na anawafundisha kupima kabla ya kukata kwa ukali ule ule aliokuwa nao mwalimu wetu wa hisabati.

Kuwapata watu kama yeye ndiyo kazi ngumu. Wenye vyeo hujitangaza, au hutangazwa. Wengine hunyamaza, na wasichana wengi wamebadilisha majina baada ya ndoa, hivyo kuwatafuta mtandaoni ni kujichosha. Kwangu mimi habari nyingi nimezipata matangani. Huku kwetu magharibi watu hurudi nyumbani kuzika, na ukikaa chini ya hema Ijumaa usiku na waliosoma pamoja, utasikia yule wa darasa lenu yuko Lodwar anafundisha, yule mwingine ana maabara yake Busia. Nenda na daftari, lakini piga simu baada ya mazishi. Pia chagua mtu mmoja kwa kila mwaka wa kumaliza, mwenye simu inayopokelewa, awe ndiye wa kuuliza.

Kuna jambo linaloua mawasiliano haya haraka kuliko lolote, nalo ni michango. Mtu akipandishwa cheo Jumanne, Alhamisi anaombwa achangie basi la shule. Wenzetu wameona mtindo huo, na wengi wameamua kukaa kimya na mafanikio yao. Nasisitiza kila mahali: anayekusanya habari asiwe anayekusanya pesa. Mweka hazina ana siku yake. Na aliyetoa hundi kubwa kwenye harambee asiwe ukurasa wa kwanza kila mwaka, maana wanafunzi wanaona na wanajifunza kwamba shule inathamini pochi.

Hakikisha kabla ya kuchapisha. Kwenye makundi yetu mtu huitwa daktari wakati bado anaandika tasnifu. Kitabu cha mahafali kipo, uteuzi wa serikali hutangazwa kwenye gazeti rasmi, na bodi za taaluma zina orodha za wanachama wake. Halafu omba idhini, ya maneno na ya picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata wewe mwenye ubao na ukurasa wa Facebook, na mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Habari ya nyumbani kwa mtu, ya njaa au ya baba aliyewaacha, ni yake. Msomee ulichoandika kabla hakijatoka.

Mwaka huu kazi hii imekuwa ya haraka zaidi. Tangu Januari 2026 kuna Gredi ya 10 ya mtaala mpya, na watoto wanasoma kwa mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, sanaa na michezo. Wa mwisho wa mtaala wa zamani kufanya KCSE watakuwa wale wa 2027. Wazazi wananiuliza mtoto wa mkondo wa sanaa atakula nini, na sitaki kuwajibu kwa maneno yangu. Nataka niwaonyeshe watu. Kwa ukurasa ujao nina mhandisi na nina wakili. Natafuta mpiga picha, kocha na mbunifu wa mavazi waliosoma shule za huku na wanaoishi kwa kazi hiyo. Ukimjua mmoja, mwombe ruhusa kwanza, kisha niandikie hapo chini.