Mkutubi, toka kaunta

Wiki iliyopita, saa tano usiku, binti anayesomea uzamivu wa afya ya jamii alinitumia ujumbe: "Shikamoo mama. Ile makala ya malaria nimeipata. Kumbe chuo chetu kinaipata bure siku zote?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia ndiyo. Usingizi ukakata.

Kuna mtafiti mwingine aliyeitafuta makala ya namna hiyo miaka mingi nyuma, akaja mwenyewe mbele yangu, nami nikamwambia hatuna.

Nilikuwa kaunta ya maktaba ya chuo kimoja hapa nchini. Yule kaka alileta karatasi yenye majina ya makala saba. Nilipitia kadi za katalogi, nikaenda hadi kwenye rafu za majarida, nikarudi mikono mitupu. Akashukuru kwa adabu, akaondoka. Muda wote huo, kwenye droo yangu, ndani ya daftari la bluu, ilikuwemo paswedi ya Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002 ili watafiti wa nchi za kipato cha chini wasome majarida ya afya bure au kwa bei nafuu. Tulikuwa tumeonywa isivuje. Mimi nikalielewa onyo hilo kuwa asipewe mtu yeyote, wakati mpango wenyewe uliwekwa kwa ajili ya wanafunzi na walimu wa taasisi iliyosajiliwa. Yule kaka alikuwa mwanafunzi wetu! Nilikuwa sijasoma masharti hadi mwisho, na kichwani mwangu maktaba ilikuwa rafu.

Tasnifu yake ilipoletwa maktabani nilifungua ukurasa wa shukrani. Alimshukuru rafiki yake aliyeko Uingereza kwa kumtumia makala. Sisi hatukutajwa. Bado inaniuma.

Tangu siku hiyo niliamua kuwafuata watafiti walipo. Sitawasimulia vikao vya kuomba kibali. Nilipokubaliwa, kila Jumatano nilibeba kompyuta mpakato, nikaenda kukaa kwenye chumba cha wanafunzi wa uzamili. Wiki mbili za kwanza hakuna aliyenisogelea. Ya tatu nikaacha kusubiri maswali, nikamwomba mmoja anionyeshe tu anavyotafuta makala. Aliandika Google, akafika kwenye ukurasa unaodai dola zaidi ya 30, akafunga. Akafungua nyingine, ikadai tena, akafunga. Alikuwa ameshatumia bando la wiki nzima kugonga milango iliyofungwa, na ufunguo ulikuwa kwetu.

Mkutubi mwenzangu, kakae na mtafiti umtazame akifanya kazi. Hakuna semina itakayokufundisha zaidi ya hapo.

Yule kijana nilimwonyesha Research4Life, mkusanyiko wa mipango ya aina hiyo, ambamo Hinari imo pamoja na ya kilimo, mazingira na sheria. Nikamwonyesha AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998, kwa sababu alikuwa anaandika kuhusu Morogoro huku marejeo yake yote ni ya Ulaya na Marekani. Nikamwekea Zotero, programu ya bure ya kupanga marejeo. Saa moja na nusu tu. Jumatano iliyofuata walikuja tisa.

Jambo lingine ninalolisema kila ninapopata nafasi: mtafiti, jisajili ORCID. Ni namba ya kumtambulisha mtafiti, ya tarakimu 16, haina malipo, na ni yako peke yako. Nchi hii ina akina J. Juma wangapi? Mwalimu mmoja tuliyekaa naye alikuta kazi zake zimechanganywa na za mtu wa fani nyingine kabisa, na kuzitenganisha kulituchukua siku mbili.

Halafu kuna tasnifu zetu wenyewe. Mwanafunzi alipanda basi kutoka Mtwara hadi kwetu ili asome tasnifu moja ya zao la korosho, nakala pekee, isiyoazimishwa. Alisoma siku mbili, akinakili kwa mkono. Haya si mambo ya kuvumiliwa wakati DSpace, programu ya kuhifadhi na kuonyesha kazi za namna hiyo mtandaoni, ipo bure tangu 2002. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlimani ukaunguza chumba cha kusomea cha Jagger cha Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyo wao wa masomo ya Afrika. Niliona picha za paa lile nikaenda moja kwa moja kwenye rafu zetu za tasnifu, nikasimama pale, naogopa. Wakuu wa vyuo, mnajenga majengo mazuri, ahsanteni. Sasa nunueni skana, ajirini na mtu wa kuziendesha. Mkutubi anayejua kutafuta, kupanga data na kusoma masharti ya wachapishaji ni mwenzake mtafiti, mlipeni hivyo.

Jumatatu tunaanza kuskani tasnifu za miaka ya 1980, ambazo karatasi zake zimeanza kukatika zikiguswa. Skana tunayo moja. Kama ofisini kwako kuna nyingine imekaa chini ya meza haitumiki, niandikie, nitaifuata mwenyewe.