Injini ya kununua au ya kujenga: ulizia vipimo kabla hujatoa hela

Nilitoka Moshi alfajiri, nikapita Boma Ng'ombe na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, gari likivuta vizuri kabisa. Nilipoiacha Kikatiti na kuanza kupanda kuelekea Usa River ndipo nikasikia mlio. Tok, tok, tok, mzito, unatoka chini kabisa na kuongezeka kadiri ninavyokanyaga mafuta. Nikazima injini palepale, nikaliacha gari liserereke hadi pembeni. Anayejua magari ya tabo, yale yenye feni ya kusukumia injini hewa zaidi, anaujua mlio ule. Injini ilikuwa imenoki, yaani beringi za ndani zimekufa na vyuma vinagongana.

Ilikuwa injini ya Subaru, EJ20, niliyouziwa kama injini iliyokwisha kujengwa, yaani kufunguliwa na kufungwa upya kwa vyuma imara zaidi: pistoni za kufuliwa (forged), konrodi nene za kushikia pistoni, beringi mpya. Haikutimiza miezi miwili mikononi mwangu. Na kinachoniuma hadi leo ni kwamba muuzaji hakunidanganya kuhusu vyuma. Tulipoifungua, pistoni alizozitaja zilikuwemo, na konrodi vilevile.

Fundi wangu, mzee aliyeanza kushika spana kabla sijazaliwa, hakuanza na injini yenyewe. Alianza na chujio la oili. Akalikata taratibu, akaitoa karatasi ya ndani, akaikunjua juu ya gazeti na kuisogeza juani. Kwenye kila mkunjo kulikuwa na vumbi linalometameta. Akapitisha sumaku juu yake, na hakuna kilichonasa.

"Ingekuwa chuma, ingeshika," akaniambia. "Hii ni beringi, kijana wangu. Imelika yote."

Baadaye tulipotoa krenki, ule mhimili unaozungushwa na konrodi, tukaona jambo lenyewe. Mtu alikuwa ameichonga kidogo ili kuondoa mikwaruzo, halafu akaweka beringi za saizi ya kawaida. Shingo ya krenki inayokaa konrodi kwenye EJ20 ina kipenyo cha milimita 52, na nafasi ya oili kati yake na beringi inatakiwa iwe kama milimita 0.05. Yangu ilisoma 0.11. Oili ilikuwa inamwagika pembeni badala ya kubeba mzigo. Aliyeifunga alikuwa na spea nzuri na mkono mzuri, ila maikromita, kifaa cha kupimia unene, hakuigusa.

Kwa hiyo ukiniuliza leo ununue au ujenge, kwanza nitakuuliza nani atapima. Hela inafuata baadaye.

Kama gari lako ni la kwenda kazini na kufurahia barabara Jumamosi, ushauri wangu ni ununue injini ya mtumba kutoka Japani ikiwa bado kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na waya zake na kontroli boksi yake, ile kompyuta ya injini. EJ207 ya Subaru ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 280, na 1JZ-GTE ya Toyota hali kadhalika. Kwa barabara ya Arusha na Moshi, yenye bodaboda, ng'ombe na mabasi, nguvu hizo zinatosha na kubaki. Hela utakayookoa itie kwenye rejeta, hosi mpya, oili nzuri na boksi la chujio la hewa. Hilo la chujio nalisisitiza. Vumbi la Monduli na Oldonyo Sambu ni laini kama unga, na likipita kwenye chujio la wazi la bei rahisi linasaga ringi (pete za pistoni) na kuta za silinda kama msasa. Nimeona injini nzima iliyotoka meli ikianza kula oili ndani ya msimu mmoja wa kiangazi, sababu ni chujio tu.

Unapoikagua injini ya mtumba huku kwetu, kuna jambo linalowachanganya wengi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huku ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Injini iliyosoma psi 150 kwenye kipimo cha mgandamizo Dar es Salaam itasoma karibu 128 hapa, na haina ugonjwa wowote. Usimwache muuzaji wala fundi akutishe kwa namba ya kitabu. Linganisha silinda na silinda. Tatu zikisoma 128 na moja ikasoma 100, hapo ndipo pa kuogopa. Halafu omba sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ifunguliwe. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani na hela yako.

Injini iliyojengwa na mtu mwingine ni habari tofauti, na mimi sasa siinunui bila karatasi ya vipimo. Mtoto ana kadi ya kliniki inayoonyesha uzito wake kila mwezi, na injini iliyojengwa inastahili hivyohivyo: nafasi ya kila beringi, nafasi kati ya pistoni na silinda, mwanya wa kila ringi, na kila boliti imekazwa kwa kiasi gani. Mjenzi wa kweli anayo, mara nyingi ameiandika kwa mkono na ina madoa ya oili. Asiye nayo atakuonyesha picha za pistoni zikiwa mpya kwenye maboksi.

Mimi mara ya pili niliamua kujenga, kwa sababu nilitaka kushiriki mbio za magari na nilitaka kuijua injini yangu hadi boliti ya mwisho. Nikwambie ukweli, haikuwa rahisi kwa bei. Pistoni na konrodi, ambazo ndizo watu wanazipigia hesabu, hazikufika hata nusu ya matumizi. Kilichokula hela ni kuchonga, gasketi, boliti mpya za hedi (kile kipande kinachofunika silinda juu), pampu mpya ya oili, pamoja na safari za karakanani kurudisha kazi ambayo haikukaa sawa.

Kuna siku bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ilirudi silinda zikiwa zimepanuliwa vizuri kwa macho. Mzee akaingiza geji ya kupimia, akaizungusha, akatikisa kichwa. Silinda ilikuwa na uduara bloku ikiwa tupu, lakini hedi ikikazwa juu yake ilivutwa na kupoteza umbo. Tukaenda kuchongesha bamba nene la chuma lenye matundu kama ya hedi, likafungwa kwenye bloku kwa nguvu ileile ya boliti, ndipo silinda zikasuguliwa upya. Wiki mbili zilipotea. Lakini injini ile haijawahi kuninyima usingizi kwa kula oili.

Ringi nazo usiziweke kama zilivyotoka kwenye pakiti. Kwa silinda ya milimita 92 yenye tabo, sisi tulilenga mwanya wa kama milimita 0.45 kati ya ncha za ringi, baada ya kusoma jedwali la mtengenezaji. Ukibana mno, ringi zikipata moto ncha zake zinagusana, na pistoni inavunjika kwenye ukingo. Na kama injini ya zamani ilikufa kwa beringi, kipoza oili chake kitupe. Usikioshe. Vile vichembe vinavyometa hujificha humo, kisha hutoka siku ya kwanza na kuingia kwenye beringi zako mpya.

Jambo lingine ni kutyuni, yaani kurekebisha programu ya kompyuta ya injini. Programu iliyoandikwa pwani haijui milima yetu. Ili kupata hewa ileile huku juu, tabo inalazimika kuzunguka kasi zaidi, na hewa inaingia ikiwa na joto zaidi. Funga geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli, mtyuni akae nawe garini, na mfanye kazi hapahapa Arusha kwa petroli mnayoinunua kila siku.

Siku ya kuiwasha tulichomoa plagi, tukaizungusha kwa stata hadi sindano ya presha ya oili ikapanda, ndipo tukarudisha plagi na kuwasha. Dakika ishirini baadaye tukazima, tukamwaga oili, na mzee akaomba lile gazeti. Akalikata chujio, akaikunjua karatasi juani, akainama karibu kabisa. Kulikuwa na vichembe viwili vitatu vya chuma vilivyonasa kwenye sumaku, vya ringi mpya zinazokaa, na mengine yote yalikuwa oili safi. Akaikunja karatasi ile, akaitia kwenye bahasha pamoja na vipimo vyetu, akaandika tarehe juu yake.