Uliza Ujibiwe: Taa Inayorudi Nyuma Ukiifuata

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Usiku mmoja mimi na ami yangu tulikuwa tunapita kandokando ya kinamasi. Tukaona mwanga mweupe wenye umanjano kidogo, uko chini kabisa pale ardhi inapokutana na mbingu, hauna sauti. Tukiusogelea, unarudi nyuma. Tukisimama, unasimama. Tulipokata tamaa tukaondoka, niligeuka mara tatu na mara zote tatu ulikuwa nyuma yetu. Tulipoteremka bondeni ukazimika ghafla. Ami anasema ni roho ya mtu aliyezama humo zamani. Rafiki yangu aliyesoma kemia amenicheka: eti ni gesi ya kinamasi, hakuna cha kujadili. Nimwamini nani?
– Asiyelala

JIBU: Marahaba mwanangu. Ami yako nitamrudia baadaye. Mwenye kesi nami kwanza ni huyo mkemia, aliyefunga mjadala hata kabla haujafunguliwa.

Gesi ya kinamasi ipo, hilo halina ubishi. Mwaka 1776 Mwitaliano Alessandro Volta alichokoachokoa tope kwenye ziwa Maggiore, akakusanya mapovu yaliyopanda, akayawasha, yakawaka. Ndiyo methani hiyo. Tangu hapo kila anayetaka kuonekana msomi akisikia habari za taa za mizimu hujibu “gesi”, na jibu lenyewe limegeuka ngano: linarithishwa tu, halikaguliwi. Methani haijiwashi. Inahitaji joto linalopita nyuzi 500 za Selsiasi, na usiku kinamasini hakuna aliyeshika kiberiti. Mkemia mzuri atakuambia kuna fosfini, gesi inayotoka kwenye mabaki yanayooza, na kwamba ikichanganyika na ndugu yake difosfani huwaka yenyewe ikigusa hewa. Sawa. Mwaka 1980 mwanajiolojia Alan Mills wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, alijaribu hilo maabara. Alipata wingu linalong'aa, lakini la kijani, na moshi mwingi wenye kuwasha pua. Watu waliosimulia taa hizi kwa karne nyingi hawataji moshi. Miaka mingi baadaye Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Pavia walifanikiwa kupata mwanga baridi bila vurugu hizo, ila ulikuwa hafifu na wa kijani vilevile. Na mwaka 2025 watafiti wa Stanford, Marekani, walionyesha kwamba mapovu madogo mno ya methani yakipanda majini yakikaribiana hurushiana cheche, ndogo kiasi kwamba kamera za kasi ndizo zilizozinasa. Huenda hicho ndicho kiberiti tulichokuwa tukikitafuta. Mimi nimefurahi sana kukisoma, maana nilifundisha fizikia miaka mingi na swali hilo lilinishinda mbele ya wanafunzi zaidi ya mara moja.

Lakini angalia ushahidi wako mwenyewe. Aliyewahi kuisogelea taa ya gesi na kuandika vizuri alichokiona ni Louis Blesson, afisa wa jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, ambaye maelezo yake yalichapishwa miaka ya 1830. Alikuta vimiali vya rangi ya buluu na zambarau juu ya maji ya kinamasi. Akienda mbele, vinarudi nyuma, kwa sababu mwili wake na pumzi yake vilikuwa vinasukuma hewa. Akajifunza kusimama kimya na kugeuza uso pembeni, mpaka akaweza kunyoosha karatasi hadi kwenye mwali na kuiunguza. Umeona? Taa ya gesi ni ndogo, ya kibuluu, na iko mbele ya mkono wako. Yako ni nyeupe ya manjano, iko mwisho wa upeo wa macho, na ilikufuata hata ulipoipa mgongo. Pumzi yako haifiki huko. Kwa hiyo mkemia wako amejibu swali ambalo hukuuliza.

Taa zilizowahi kupatiwa jibu la uhakika hazikujibiwa kwa kemia. Zilijibiwa kwa darubini na ramani.

Nikupe ya Paulding, katika jimbo la Michigan, Marekani. Huko wanasimulia mfanyakazi wa reli aliyekufa akipunga taa ili kuzuia treni zisigongane, na kwamba bado anapunga. Watu wamekuwa wakikusanyika usiku kuitazama taa hiyo tangu miaka ya 1960. Mwaka 2010 wanafunzi wa chuo kikuu cha ufundi cha jimbo hilo walitega darubini pale pale watu wanaposimama. Ndani ya darubini wakaona magari yakipanda na kushuka mlima kwenye barabara kuu namba 45. Wakamtuma mwenzao akaendeshe gari huko akiwa amewasha taa za dharura, na mzimu ukaanza kupepesa kwa mapigo yale yale. Mimi jaribio hilo nalipenda kuliko yote, kwa kuwa halihitaji hesabu yoyote.

Kabla yao, mwaka 1922, serikali ya Marekani ilimtuma mwanajiolojia George Mansfield kwenye mlima Brown, North Carolina, akachunguze taa zilizokuwa zikionekana huko. Alikaa usiku baada ya usiku, kila taa akiipimia mwelekeo na kuuchora kwenye ramani. Hesabu yake: asilimia 47 taa za magari, 33 taa za garimoshi, 10 taa zilizosimama mahali pamoja, 10 mioto ya vichaka. Wenyeji walimpinga kwa hoja nzito: mwaka 1916 mafuriko yaliharibu reli, treni zikasimama, na taa zikaendelea kuonekana. Hoja hiyo naiheshimu. Inatuambia kwamba taa zenye jina moja si lazima ziwe na chanzo kimoja.

Sasa kwa nini taa ya gari ikufuate? Mtoto akitembea usiku huona mwezi unamfuata. Kitu kikiwa mbali sana, hatua zako mia mbili hazibadilishi pahali unapokiona, na kwa kuwa gizani huna mti wala nyumba ya kupimia, akili inakuambia kiko karibu na kinatembea na wewe. Ukikifuata bila kukikaribia, akili inasema kimerudi nyuma. Ongeza hewa: usiku mtulivu ardhi hupoa, hewa ya chini inakuwa baridi na ya juu inabaki na joto, na mwanga ukipita humo hupinda kufuata mgongo wa dunia. Ni binamu wa mazigazi ya barabarani mchana. Mwanasayansi Jack Pettigrew wa Australia alieleza hivyo mwaka 2003 kuhusu taa ya Min Min, inayosifika kwa kufuata wasafiri wa nyika za Queensland. Aliweka gari kiasi cha kilomita 10, nyuma ya mwinuko ambako halikupaswa kuonekana kabisa, na waliokuwa naye wakaiona taa yake ikielea juu ya upeo wa macho. Wewe ulipoteremka bondeni ulikata mstari kati ya jicho lako na hiyo taa. Ndiyo maana “ilizimika”.

Na ami yako? Simwiti mwongo, wala wewe usimwite. Darasani nilikuwa na kopo la bati nililolitoboa kwa sindano, ndani yake tochi. Nalipigilia misumari mezani, naziba madirisha kwa nguo nyeusi, nawaambia wanafunzi wachore njia ambayo nukta ya mwanga inapita. Walichora! Mmoja alichora ngazi, mwingine nyoka, na kuna aliyeapa kwamba iliingia chini ya dawati lake. Kopo halikusogea hata unywele. Jicho likikosa kitu kingine cha kushika, nukta moja gizani huonekana inatangatanga. Mwaka 1935 mwanasaikolojia Muzafer Sherif alitumia udanganyifu huo huo wa macho kupima watu: akiwaweka peke yao, kila mtu anataja kivyake umbali anaoona nukta imesogea; akiwakalisha pamoja na kila mmoja akataja kwa sauti, majibu yao yanasogeleana bila wao kukubaliana. Hapo ndipo wazee watano wanaposimulia safari ile ile ya taa, na kila mmoja anasema kweli.

Fanya hivi. Rudi na ami yako, lakini mkae pale pale pa kwanza, msiingie kinamasini hata kidogo. Tope limezamisha watu wengi bila msaada wa roho yoyote. Mkiiona, chomekeni fimbo mbili ardhini, moja mbele ya nyingine, zikiwa mstari mmoja na taa, kama mlenga shabaha. Mwandike saa na dakika inapowaka na inapofifia. Asubuhi pimeni mwelekeo wa fimbo kwa dira, mlaze rula juu ya ramani na mfuate mstari wake mbali sana, mbali kuliko mnavyodhani. Mkikuta barabara au reli inayoelekea kwenu, anzeni hapo. Mkiwa na darubini ya mkononi, ingojeeni igawanyike kuwa mbili. Mizimu yenye macho mawili ya mraba huwa na usukani.

Mkikosa kitu chochote kwenye mstari huo, niandikie tena. Nitakuwa na hamu kuliko wewe.

SWALI: Basi hakuna hata taa moja iliyowashinda wataalamu?
– Mbishi

JIBU: Ipo. Bonde la Hessdalen, Norway. Kuanzia mwishoni mwa 1981 hadi 1984 taa zilionekana huko mara kwa mara, wiki nyingine zaidi ya mara kumi. Watafiti walikwenda na rada na kamera, na tangu 1998 kuna kituo kinachopiga picha chenyewe. Baadhi ya taa ziligeuka kuwa ndege na magari. Zilizobaki zina nadharia nyingi, na hakuna iliyokubaliwa na wote.

SWALI: Gogo lililooza nyuma ya nyumba linang'aa kijani usiku. Nilichome?
– Mama wa Watatu

JIBU: Usilichome, dada yangu! Hiyo ni kuvu inayokula mti, na mwanga wake hutokana na kemikali zinazokutana na oksijeni, bila joto. Mwaka 2015 watafiti waliochunguza uyoga mmoja wa Brazil unaong'aa walitengeneza uyoga bandia, wakatia taa ndogo za kijani ndani, na wadudu wakaujia zaidi kuliko ule usio na taa. Inaelekea mwanga unawaita wadudu wakabebe mbegu zake. Waite watoto, zimeni taa zote, msubiri dakika 20 macho yazoee giza. Kisha msilitazame gogo lenyewe, tazameni kidogo pembeni yake. Jicho huona mwanga hafifu vizuri zaidi hivyo.